Kila Nyumba na Teja Wake

Nchi yetu haikuwa na ugomvi na mtu mpaka siku nchi jirani ilipojengewa ghorofa kwa sababu ya mateja wake.

Sisi pia tulikuwa na mateja, lakini wa kiasi. Vijana waliozama kwenye unga tuliwajua kwa majina na kwa mama zao. Walikaa nyuma ya soko kuu, na mtu akipotelewa na sufuria alijua aanzie wapi kuulizia. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa nao wengi, wamejaa mpaka stendi, na kwa wingi huo wakajaliwa wafadhili, magari meupe yenye antena ndefu, na mkutano mkubwa wa mataifa. Rais wetu alialikwa kwenye mkutano huo kama mtazamaji. Wakamkalisha safu ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wakawa wanampitishia masinia juu ya kichwa.

Alirudi amenuna. Waandishi wa habari walipomuuliza pale uwanja wa ndege amejifunza nini, alitazama mbali akasema, "Wenzetu wametuacha sana."

Basi haikupita muda ukazaliwa Mpango wa Taifa wa Kuwakinga Vijana na Unga. Akateuliwa kuuongoza Daktari Tamimu Kipozeo, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye udaktari wake ulikuwa wa mikorosho. Wako waliong'aka kidogo. Yeye mwenyewe aliwatuliza siku ya kuapishwa: mikorosho nayo hupuliziwa dawa, kwa hiyo mambo ya madawa hayakuwa mageni kwake. Tukaridhika. Sisi ni watu wa kuridhika.

Daktari Kipozeo alichapa kazi. Kila ukuta uliokuwa mtupu ukaandikwa kwa maandishi makubwa ya bluu: UNGA NI WA UGALI TU. Zikatengenezwa fulana, kofia na miavuli, ukatungwa wimbo, likachezwa bonanza la mpira ambamo timu ya Wizara iliifunga timu ya vijana. Kwa miezi kadhaa wenye maduka walilalamika kwamba watoto waliotumwa sembe walikuwa wakirudi nyumbani wanalia. Daktari alisema hayo ni matokeo ya awali.

*

Katika mtaa wa Gengeni, nyumba ya tatu kutoka bombani, alikaa msichana aitwaye Siwema pamoja na mama yake, Bi Mashavu, na mdogo wake wa kiume, Nyange. Baba yao alikuwa fundi cherehani. Alipofariki hakuacha kiwanja wala mbuzi, aliacha cherehani yake nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na mikono ya Siwema ambayo alikuwa ameifundisha. Siwema alishona sare za shule. Mama alichemsha mihogo akauza kibarazani. Nyange alivuta unga.

Asubuhi moja Siwema alikwenda dukani kununua uzi mweupe. Aliporudi alikuta mahali pa cherehani pana vumbi la umbo la cherehani. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kile kiti chake, miguu yake ikawa inakanyaga hewa. Mama akamwambia, "Nenda nyuma ya soko, huenda hajaiuza." Alikwenda. Alikuwa ameshaiuza.

Tangu siku hiyo Siwema akashona kwa mkono. Sare moja iliyokuwa ikimalizika kabla ya adhuhuri sasa ilimchukua siku mbili, na wateja, ambao watoto wao hawakuacha kukua, wakaanza kumpita. Vidole vyake vikajaa matobo ya sindano.

Ndipo gari jeupe la Mpango lilipopita nyuma ya soko likizoa mateja wa kuanzia nao kazi, na Nyange akawa mmoja wa waliozolewa. Walimpeleka soba hausi, nyumba ya kuachia unga, huko kwenye upepo wa mlimani. Tusimnyang'anye mtu haki yake: Nyange aliacha. Aliteseka, akatapika, akalia, akaacha. Siku aliyotoka alikuwa amenenepa mashavu mpaka mama yake alimpita getini akimtafuta.

Sherehe ya kuwapongeza wahitimu ilifanyika uwanja wa taifa. Nyange alivalishwa suti na tai yenye nembo ya Mpango. Akaitwa jukwaani, Daktari Kipozeo akamkumbatia mbele ya kamera, kisha akavuta kitambaa chekundu, na chini ya kitambaa ikaonekana cherehani. Mpya. Ya umeme. Imefungwa utepe.

Nyange alikuwa ameulizwa kwenye usaili, "Kabla ya kuja hapa umewahi kujishughulisha na kitu gani?" Naye, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kusema kweli, alijibu, "Cherehani."

Bi Mashavu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Siwema, aliyekuwa amekaa upande wa jua na jamaa wengine wa wahitimu, alipiga makofi kama watu wote. Alipiga kwa nguvu. Alipiga hata wenzake walipoacha, kwa sababu alihofia akiacha mikono yake itafanya jambo jingine.

*

"Dada," Nyange alimwambia jioni ile, "hii mashine ni yetu sote. Mimi hata uzi siwezi kuutia. Shona wewe."

"Ni yetu," Siwema alisema. "Na ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Nyange akainamisha kichwa.

Hata hivyo alikuwa anasema kwa moyo, na huenda mambo yangeishia pale kwa amani, kama si kibandiko kilichogandishwa ubavuni mwa cherehani. Kiliandikwa: MALI YA MHITIMU. ASIYEWAHI KUTUMIA HARUHUSIWI KUTUMIA. Na halikuwa neno la mapambo. Kila wiki alikuja mkaguzi wa Mpango, akamuuliza Nyange maendeleo, akagusa cherehani kuona kama ina joto. Mara ya kwanza aliikuta ina joto na Siwema ana nyuzi begani. Akaonya kwamba ikirudiwa mashine itachukuliwa, apewe mhitimu mwenye shukrani.

Cherehani ikafunikwa shuka, ikakaa pembeni ya chumba na utepe wake, na Siwema akawa anashona kwa mkono mbele yake.

Kijicho ni kitu kibaya, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Lakini naomba mnihurumie niseme: kijicho cha Siwema kilikuwa na haki zake za msingi. Nyange akipita mtaani wazee walisimama kumpa mkono. Alialikwa shuleni kuwahutubia wanafunzi. Redio ya taifa ilimhoji alivyopata nguvu ya kuacha. Hakuna aliyemhoji Siwema alivyopata nguvu ya kutoanza. Mwanamke mmoja sokoni alimshika Bi Mashavu mkono akamwambia, "Umebarikiwa mtoto, wewe," na Siwema aliyekuwa amebeba gunia la mihogo nyuma ya mama yake alilazimika kuhamisha gunia bega la pili ili awapishe.

"Mama," aliuliza siku moja wakimenya mihogo, "mimi umewahi kunipigia vigelegele?"

Bi Mashavu alishangaa. "Nikupigie kwa lipi, mwanangu? Wewe hujanisumbua hata siku moja."

*

Siwema akajifunga khanga akaenda ofisini kwa Mpango.

Hakujua kwamba alifika siku mbaya kwa Daktari Kipozeo. Wafadhili, ambao hatimaye walikuwa wameanza kutuangalia kwa jicho zuri, walikuwa wameuliza swali moja tu: je, faida ya Mpango inazidi gharama zake? Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa katika nchi yetu, na Ikulu ilipolisikia ikadhani ni tusi. Lakini ikaunda Tume ya Kupima Gharama na Faida, chini ya Profesa Lukumbi, mwanamama mwembamba aliyekuwa akinywa maji ya moto matupu kwa kuwa majani ya chai aliyaona ni anasa.

Profesa alikuwa amemuuliza Daktari, "Faida yako iko wapi?"

Daktari akamwonyesha wahitimu kwenye picha, akiwemo Nyange na suti yake.

"Hawa walitumia wakaacha," Profesa alisema. "Hiyo ni tiba. Mpango wako ni wa kinga. Nionyeshe mtu uliyemkinga. Nataka kumwona teja ambaye hakuwa teja."

Tangu hapo Daktari Kipozeo alikuwa hali wala halali. Gharama zake zote zilionekana, hata kutoka angani: miavuli, kuta, uwanja. Faida yake ilikuwa ni watu ambao hawakutokewa na jambo, nao walitawanyika nchi nzima, kila mmoja na shughuli zake, wala hawakuwa na habari kwamba hawakutokewa. Aliwaonea wivu madaktari wa hospitali. Mgonjwa wao akipona hurudi na kuku.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Siwema alisema. "Mimi ni dada yake Nyange. Nimekuja kuomba cherehani."

"Marahaba. Umetumia miaka mingapi?"

"Sijawahi kutumia."

"Basi huna tatizo, binti. Sisi tunasaidia wenye tatizo."

"Ndiyo tatizo langu hilo, Mheshimiwa. Sina."

Daktari Kipozeo alikuwa ameshainua kalamu kuendelea na mambo yake. Aliishusha. Akasimama, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na Siwema kama mtu aliyeona embe limeanguka lenyewe miguuni pake.

"Hujawahi kabisa?"

"Kabisa."

"Lakini ulitaka. Uliwahi kutamani."

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata siku ya sikukuu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Daktari akafuta jasho. "Ukisema hivyo utakuwa umejikinga mwenyewe, na hilo ni kinyume cha bajeti. Sikiliza, binti yangu. Wewe ulikuwa ukingoni. Ulikuwa umebakiza hatua moja. Ukainua macho, ukaona ukuta wetu umeandikwa Unga ni wa Ugali Tu, ukalia, ukarudi nyumbani. Kayaseme hayo mbele ya Tume, na cherehani utapata. Ya umeme. Na taa yake."

"Na utepe?" Siwema aliuliza.

"Na utepe."

Siwema hakuwa mwongo. Lakini alifikiria uwanja wa taifa, akamfikiri mama yake akipiga vigelegele, akasema, "Nifundisheni."

Wakamfundisha. Kwa kuwa hakujua ukingo unakuwaje, aliletewa afisa wa kumwonyesha jinsi ya kusimama.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa Hazina, watu wakajaa mpaka madirishani. Profesa Lukumbi alifungua kikao kwa maneno ambayo baadaye yaliwekwa kwenye vitabu vya shule.

"Waheshimiwa," alisema, "gharama ni kitu kinachokuja leo na kinachouma. Faida ni kitu kinachokuja kesho, ikiwa kitakuja, na kinamfikia mtu ambaye hatakumbuka kushukuru. Serikali makini huanza na kinachouma." Akanywa maji yake. "Mlete aliyekingwa."

Siwema akaingia. Daktari Kipozeo alikuwa amemleta Nyange pia, na suti yake, amemkalisha upande wa pili ili Tume ione bidhaa zote mbili kwa pamoja. Bi Mashavu alikaa katikati ya ukumbi. Siwema aliona kwamba kiti alichochagua mama kilimwelekea Nyange.

"Nilikuwa nimesimama ukingoni," Siwema alianza.

"Ukingo wa nini?" Profesa aliuliza.

"Wa... wa soko."

Ukumbi ukacheka. Daktari akafumba macho.

"Nikauona ukuta. Umeandikwa Unga ni wa Ugali Tu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kununua unga."

"Upi?"

"Wa sembe, Mheshimiwa. Mama alikuwa amenituma."

Profesa aliinamia mbele. Jicho lake lilikuwa limenasa kwenye vidole vya Siwema. "Hayo matobo ni ya nini?"

"Ni ya sindano."

"Sindano!" ukumbi ukanong'ona. Mjumbe mmoja wa Tume akasogeza kiti chake nyuma.

"Sindano ya kushonea," Siwema alisema, na hapo sauti yake ikabadilika. Alikuwa amegeuka, amemwona Nyange. Nyange aliketi vizuri, tai imenyooka, mashavu yanang'aa, na mtu nyuma yake alikuwa anampepea kwa karatasi kwa sababu ya joto. Kilichokuwa kimemkaa Siwema rohoni tangu siku ya vumbi lile kikapanda chote kwa mkupuo.

"Hamkunikinga ninyi," alisema. "Ukuta wenu umeandikwa juzi. Aliyenikinga ni huyu hapa. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga shuka arosto ya unga ikimkamata, mwili unamtetemeka kama bati kwenye upepo. Mimi ndiye niliyefuta sakafu. Nilimwona akimng'ata mama mkono kwa sababu mama amekataa kumpa hela ya mihogo, na mama anamwambia, 'Ng'ata tu, baba, ila usitoke.' Mtu akishaona hayo, mnadhani atataka? Mnampa suti yeye. Sawa. Lakini kinga yangu mimi nimeilipia mwenyewe, kwa cherehani ya baba yangu, na hakuna aliyenipigia hata kofi moja."

Nyange alikuwa ameushika uso kwa mikono miwili. Siwema alikuwa amemkusudia maumivu, na sasa maumivu yalipomfika hakujua ayafanyie nini. Daktari Kipozeo alikuwa anatelezea kitini polepole.

Ni Profesa Lukumbi peke yake aliyekuwa anatabasamu. Tunaambiwa ilikuwa mara ya kwanza.

"Huyu ndugu yako," aliuliza kwa upole, "wakati wote huo alipokuwa akikukinga, aliigharimu serikali nini?"

Siwema akafikiri. "Hakuna."

"Hakuna!" Profesa akawageukia wajumbe. "Mmesikia? Hakuna!"

*

Ripoti ya Tume ilikuwa nzito, lakini hoja yake ilikuwa nyepesi. Kuta, miavuli na nyimbo zina gharama kubwa na faida isiyoonekana. Teja mmoja akitazamwa kwa karibu na jamaa zake anawakinga wote, na gharama yake inabebwa na jamaa hao hao. Kwa hiyo ilipendekezwa Mpango ufutwe, soba hausi zifungwe kwa kuwa zinaharibu nyenzo za kinga, na kila nyumba iwe na teja wake wa mfano.

Rais alisoma ukurasa wa mwisho akasimama. Inasemekana alisema, "Sasa waje wao wakae karibu na mlango wa jikoni."

Utekelezaji ukaanza. Daktari Kipozeo hakufukuzwa, maana katika nchi yetu hatutupi mtu. Alibadilishiwa bango la mlangoni, akawa Mkurugenzi wa Mateja wa Mfano. Nyumba zilizokuwa na teja tayari zilipitishwa na kupongezwa. Zisizokuwa naye zilitakiwa kupendekeza mmoja, kijana mwenye afya, asiye na majukumu. Nyumba za viongozi hazikukaguliwa. Tulielezwa kwamba zimekwisha kutimiza masharti ila hazipendi kujitangaza.

Mkaguzi alipofika kwa Bi Mashavu alikuwa na jambo la kipekee. "Nyumba hii ilikuwa na teja mzuri," alisema. "Ushahidi wake uko kwenye ripoti. Kwa kuwa aliacha, nafasi iko wazi, na mwenye uzoefu anapewa kipaumbele. Ijumaa Mkurugenzi mwenyewe atakuja kumrudisha kazini."

Akaigusa cherehani, akaondoka.

Jioni ile Nyange alikaa kizingitini, suti ameivua. Siwema akatoka na sinia la mihogo, akaketi mbali naye kidogo. Walimenya mpaka mihogo ikakaribia kwisha.

"Watakuja na kete ya unga," Nyange alisema. "Dada, mimi siwezi kuishika halafu nisiivute. Watu redioni nawaambia naweza. Wewe nakwambia kweli."

Siwema akachukua muhogo mwingine.

"Uliyoyasema kule kwenye Tume sikuyakasirikia. Ila lipo moja ulikosea. Ulisema mimi ndiye niliyepewa." Alitupa ganda. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe."

"Wivu? Mimi? Kwa lipi nililonalo?"

"Wewe ukitoka, mama alikuwa analala. Mimi nikitoka, alikaa hapa hapa nilipokaa, mpaka nirudi. Hata sasa, na suti yangu, nikienda kuhutubia shuleni namkuta hapa. Natamani siku moja tu nitoke, mtu alale."

Siwema aliendelea kumenya muhogo ambao ulikuwa umeshamenywa. Angependa niseme kwamba wivu ulimtoka pale pale. Haukumtoka. Ulisogea tu, ukamwachia nafasi ya kupumua.

*

Ijumaa wakaja. Gari jeupe, mkaguzi, wapiga tarumbeta wa wilaya, kijana wa kupaka rangi na ndoo yake, na Daktari Kipozeo mwenyewe, amepungua mwili, ameshika bahasha yenye nembo ya taifa. Majirani wote walitoka nje. Daktari akasoma maneno mafupi kuhusu uzalendo, kisha akafungua bahasha, akatoa kete, kipakiti kidogo kuliko ukucha, akamnyooshea Nyange aliyekuwa amekaa kwenye mkeka.

"Kwa niaba ya serikali," alisema.

Nyange aliitazama kete. Shingo yake iliota jasho papo hapo. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, labda dua, lakini mkono wake haukuwa unasikiliza. Mkono ulianza kupanda. Bi Mashavu alitoa sauti ndogo mlangoni.

Siwema ndiye aliyefika kwanza. Aliichukua kete kutoka mkononi mwa Daktari kwa adabu, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi, akaenda nayo uani. Tulisikia mlango wa choo, kisha tukasikia ndoo nzima ya maji ikimwagwa. Akarudi akijifuta mikono kwenye khanga.

"Ile ilikuwa mali ya serikali!" Daktari Kipozeo alisema.

"Na huyu ni mali ya mama yake."

Daktari alimvuta pembeni. Sauti yake ya kubembeleza ilirudi, ila safari hii alikuwa anabembeleza kweli. "Binti yangu, nionee huruma. Nikirudi bila teja nitapelekwa kwenye mikorosho. Basi kaa wewe. Sitaki uvute, nataka jina tu. Vidole unavyo, ukikaa hapa kibarazani ukakunja uso, mkaguzi atapita. Na cherehani ile nitakubadilishia jina leo hii, iwe yako. Ushone mchana kutwa."

Sitawaficha kwamba Siwema aliwaza. Aligeuka akaitazama cherehani kupitia dirishani, na shuka lake, na ncha ya utepe. Jina tu. Watu wangapi katika nchi yetu wamekula kwa jina tu! Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, mkono kifuani, na akaona kwamba mama safari hii hamtazami Nyange. Alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama kwa hofu, macho yale yale yaliyokuwa ya Nyange siku zote, yale ambayo Siwema alikuwa ameyatamani kwa muda mrefu. Yalimfika yote, na hayakuwa na ladha aliyoidhani.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Mwache mama alale."

Basi sheria ikafuata mkondo wake. Cherehani ikabebwa na shuka lake ikatiwa garini, kwa kuwa nyumba ile haikuwa tena na mhitimu anayetambulika. Siwema aliisindikiza kwa macho mpaka gari likakata kona, na roho ilimuuma, msidhani haikumuuma. Nyange akasimama karibu yake. Hawakushikana mikono wala nini. Walisimama tu.

Kijana wa rangi naye akafanya kazi yake. Ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto, ili wapita njia wajihadhari, akaandika: NYUMBA HII HAINA TEJA. WANAOISHI HUMU HAWANA KINGA.

Wapiga tarumbeta wakapiga, wakaondoka. Majirani wakarudi ndani mmoja mmoja, kila mtu akijifanya hajaona, maana kuandikwa ukuta katika nchi yetu ni aibu kubwa.

Asubuhi yake Siwema alipotoka kufagia alimkuta mtu mbele ya ule ukuta. Alikuwa Bi Kidawa wa nyumba ya pili, mama wa teja aitwaye Mbaruku. Mbaruku alikuwa amepitishwa na wakaguzi bila swali, na mlango wa Bi Kidawa ulikuwa umebandikwa nyota ya pongezi. Alikuwa anayasoma yale maandishi polepole, midomo inacheza, anafika mwisho, anaanza upya.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. Alinyoosha kidole akaigusa ile herufi ya kwanza, rangi ikamshika, akauficha mkono ndani ya khanga kama mtu aliyeiba. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yamejaa kijicho, kijicho kitupu, kisichokuwa na aibu.

"Siwema," alisema, "hebu niambie taratibu, nisije nikakosea. Mlifanya kosa gani nyie, mpaka wakawaandika hivi?"